Siku Niliyoitii Kanuni

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua ya kwanza ya msimu imeshuka leo saa nane mchana, ya ghafla, yenye mawe. Maharagwe ya jirani yetu huku Bagira yamelala chini yote. Nimeanza daftari hili kwa sababu tangu nipate kazi kichwa changu kimejaa mambo ya watu wengine na sina pa kuyatua. Humu nitaandika yangu tu. Jina la mteja halitaingia, wala mtaa anakolala.

Mimi ni karani wa Nyumba ya Kusikiliza. Nafungua lango, napokea simu, nachapa maandishi ya wale wanaosikiliza. Wako wanne, lakini wawili ndio wenye neno. Maman Ghislaine ni mwanasaikolojia wa chuo kikuu na mkurugenzi wetu, mwanamke asiyepandisha sauti hata akiungua kidole. Papa Constantin ni mshauri. Alifundishwa na kanisa lake miaka ishirini iliyopita, ana tumbo, ana kicheko, na kila aliye chini ya miaka arobaini anamwita mutoto.

Leo Maman Ghislaine ameweka mbele yangu vitabu viwili vyembamba. Kimoja ni kanuni za maadili za wanasaikolojia, kingine ni za washauri. Wafadhili wanataka nyumba nzima ifuate kanuni moja kabla Novemba haijaisha.

“Akonkwa, utafanya jedwali,” amesema. “Kushoto hii, kuume ile. Mstari kwa mstari. Usiongeze kitu.”

Nimefurahi na nimeogopa. Kwangu hayo mawili hufika pamoja. Mkataba wangu wa majaribio unaisha tarehe 15 Desemba.

Jumatano, 17 Septemba

Umeme haukuwepo. Nimechapa hadi betri ikazimika, mistari miwili tu. Mtu amepiga simu kumtafuta dada yake, akataja jina. “Mimi ni grand frère yake,” amesema, yaani kaka mkubwa, kwa sauti ya upole. Nimeangalia kitabu cha miadi, leo si siku ya huyo dada. “Haiko, papa.” “Asante, mon petit,” ameniita, kana kwamba mimi ni mdogo wake. Sikuiandika simu hiyo popote, maana kitabu cha mezani kinabaki wazi na majina hayatakiwi kuonekana pale.

Alhamisi, 18 Septemba

Huyo dada amekuja leo saa nne, kama kila Alhamisi. Kwenye mafaili ni nambari. Hapa nitamwita Mama wa Mtoto, kwa sababu haachani na binti yake wa miaka mitatu. Kabla ya kuingia hugeuka kuangalia barabara mara tatu, kisha humfuta mtoto miguu kwa ncha ya kitenge ili asituchafulie sakafu. “Bonjour, secrétaire,” anasema, nami namwonyesha kiti. Zaidi ya hapo siruhusiwi. Maman Ghislaine aliniambia siku ya kwanza: karani anasalimu, anaonyesha kiti, basi.

Ila mimi ndiye niliyechapa faili lake. Najua mambo ambayo mtu hapaswi kujua juu ya mtu asiyezungumza naye. Mume wake ananunua dhahabu porini upande wa Shabunda na ana marafiki wenye bunduki. Alimtoroka mwezi wa Juni, akatembea na mtoto mgongoni hadi Mwenga. Mume ameapa mbele ya watu kwamba akimpata hatamrudisha nyumbani, atamzika.

Nilipokuwa nachapa sentensi hiyo vidole vilikosea mara nne.

Jumatatu, 22 Septemba

Leo kumekuwa na ugomvi juu ya kuku. Mama mmoja kutoka Luvungi amemletea Papa Constantin kuku hai, na Maman Ghislaine amemkuta amefungwa kwenye mguu wa meza yangu.

“Papa Constantin, hiyo kuku itarudi Luvungi.”

“Itarudi na nani? Haijue njia.”

“Kanuni yangu inakataza zawadi.”

“Na yangu inasema zawadi ndogo inapokewa kama kuikatala kunamuumiza mwenye kuileta. Ule mama alitoka na ile kuku mu mikono tangu giza. Utamurudishia na uso gani?”

“Ni mteja, si mgeni wako.”

“Njo pale tunaachana, maman. Kwako ni mteja. Kwangu ni mutu.”

“Na kwangu ni mutu mwenye kesho atashindwa kukukatalia kitu, juu alishakulisha.”

Papa Constantin amemtazama kuku. Kisha amenigeukia. “Mutoto, andika yote mbili. Na wewe kuku, nyamaza, tuko mu mukutano.”

Nimecheka, lakini moyoni nimempa Maman Ghislaine ushindi. Kanuni yake inaona mbali. Ya Papa Constantin inafanana na yeye mwenyewe, mlango wazi kila upande. Humo imeandikwa hata kwamba mshauri anaweza kuwaita wazee wa familia ili kupatanisha. Je, akimwita mzee asiyefaa?

Jumanne, 23 Septemba

Yule kaka amepiga tena. Haiko, papa. Mvua.

Ijumaa, 26 Septemba

Amepiga. Haiko. Ameniuliza kama nimekula, na kama mvua yetu ni kali kama ya kwao. Watu wengi wanaopiga hapa wanafoka. Huyu ana adabu.

Jumatatu, 29 Septemba

Amepiga. Haiko.

Jumamosi, 4 Oktoba

Usiku ardhi imeteleza chini ya nyumba ya jirani na ukuta wa jiko umekwenda nao. Tumeshinda tukibeba matofali. Mama yangu, ambaye kila mtu anamwita Maman Cibalonza, amechukua nafasi hiyo kuniuliza mbele ya wanawake wa kwaya waliokuja kusaidia, watu wanaosikilizwa ofisini kwetu wanasema nini.

“Mama, hatusemi.”

“Weye? Weye mwenye ulikuwa unashitaki dada zako ata kwa sukari?”

Wamecheka wote. Nami nimecheka, nikiwa na tope hadi magotini.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimefika mstari wa siri. Kitabu cha washauri kina sentensi moja: asitoe nje aliyoambiwa ndani. Kitabu cha wanasaikolojia kina ukurasa mzima. Kinasema siri ni mali ya mteja, mwenye kusikiliza ni mtunzaji tu. Kisha kinasema jambo lililonifanya niache kuchapa: bila ruhusa ya mteja, mtu akiulizwa asithibitishe wala asikanushe hata kuwapo kwake.

Nimepata joto masikioni. Mara nne nimesema “haiko.” Lakini ilikuwa kweli, hakuwepo. Ukweli kwamba mtu hayupo unamdhuru nani? Nimemwuliza Maman Ghislaine alipopita, bila kutaja zile simu, maana niliona aibu.

“Maman, tusikanushe hata kama mteja hayupo?”

“Hasa kama hayupo,” amejibu, akaendelea kutembea na simu yake sikioni.

Kuanzia kesho nitafuata.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimefuata. Simu imelia saa nne na robo, Mama wa Mtoto akiwa ndani, mtoto akichora kwa kalamu yangu chini ya meza. Ni yule kaka. Nimesema yote kama nilivyojizoesha: “Papa, hapa hatusemi nani yuko na nani hayuko.”

Nilifikiri amekata. Kisha amecheka polepole, kama mtu aliyeonja chakula akakipenda.

“Ah. Hamusemi.”

“Ndiyo, papa. Ni kanuni.”

“Na leo ni siku ya ine, eh?”

“Ndiyo, papa, ni Alhamisi.”

“Asante sana, mon petit. Mungu akubariki.”

Nimejisikia mtu mzima. Ni mara ya kwanza kanuni imetoka kwenye karatasi ikapita mdomoni mwangu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mama wa Mtoto hakuja. Amempigia Maman Ghislaine kwa simu ya jirani, mtoto ana homa. Yeye mwenyewe hana simu, aliitupa laini yake mtoni alipokuwa anatoroka.

Kuanzia saa tatu hadi saa tano mtu alisimama ng'ambo ya barabara chini ya paa la duka lililofungwa, na pikipiki kando yake. Koti jeusi la mvua, kofia imeshushwa. Hakununua kitu, hakuzungumza kwenye simu. Saa nne na nusu Papa Constantin alitoka na mwavuli wake akavuka, wakasemezana. Niliwaona wakicheka. Papa Constantin alirudi akijipangusa viatu, akaingia chumbani kwake bila kuniambia lolote.



Ijumaa, 17 Oktoba

Sikulala vizuri. Nimerudi kwenye mstari wa wazee wa familia nikausoma mara tatu. Mume wa yule dada ana watu kila mahali, ndivyo faili linavyosema, hata makanisani. Papa Constantin anajua watu wa makanisa yote. Angeweza kumwita mume kwa moyo mweupe kabisa, ili kupatanisha, na kitabu chake kingemruhusu.

Leo amenipa kipande cha mkate wake. Nimekipokea nikakitupa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nitaandika yote.

Maman Ghislaine ameondoka alfajiri kwenda Kamanyola kwenye mafunzo, atarudi Jumapili. Nimengoja hadi wateja wa asubuhi walipokwisha, nikaenda mlangoni kwa Papa Constantin. Alikuwa anakula.

“Papa, siku ya ine ulisema na ule mutu wa pikipiki.”

“Njo, nilisema naye. Alikuwa analowana. Nilimwambia aingie, akakatala.”

“Mulisema nini?”

Ameweka mkate chini. “Unaniuliza kama nani, mutoto?”

Nimesema tu, “Naogopa, papa.”

Amesogeza kiti kwa mguu ili nikae. “Aliniuliza siku ya ine batu banatoka saa ngapi. Nikamwambia hapa kila mutu anatoka saa yake. Akacheka. Akasema, ‘Ule mutoto wenu wa simu iko mutu muzuri.’”

Nilikaa.

Daftari hili lilikuwa mfukoni mwa koti langu. Nimelitoa pale pale nikarudi nyuma kurasa kwa kurasa. Jumatano: haiko. Jumanne: haiko. Ijumaa: haiko. Jumatatu: haiko. Na Alhamisi: hatusemi. Alikuwa anafuta siku moja moja, nami ndiye niliyemshikia kifutio. Zilipobaki mbili, kwa mtu asiyejua kwamba Jumamosi tunafunga, akajaribu moja, na siku hiyo ndiyo niliyochagua kuanza kutii. Kama ningesema “hatusemi” tangu simu ya kwanza, asingejua kitu. Kama ningeendelea kusema “haiko,” hata kwa uongo, asingejua kitu. Hiyo ndiyo maana ya “hasa kama hayupo.” Nimeielewa leo, siku kumi na mbili baada ya kuisikia.

“Papa, ni mimi,” nimesema.

Nimemwonyesha. Alisoma akifuata kwa kidole kilichokuwa na siagi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue uso wake haukuwa na kicheko popote.

“Alisema ni grand frère yake,” nimesema.

“Ule mwanamke ni mutoto mumoja tu kwabo. Hana kaka.”

Na hilo nililichapa mimi mwenyewe, ukurasa wa kwanza wa faili. Sikuliunganisha. Huku kwetu kila mtu ni kaka wa mtu. Binamu ni kaka, jirani ni kaka, mtu mliyesali naye mara mbili ni kaka. Sikio langu lilisikia neno hilo likalala.

“Nani mwingine anajua?” ameuliza Papa Constantin.

“Hakuna.”

“Basi tuko babili.” Akausukuma mkate wake kwangu. “Kula.”

Nimekula. Nilikuwa nimemshuku siku nne nzima, na sikumwambia.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimempigia Maman Ghislaine mara kumi na moja. Simu yake haipatikani. Mvua imekata mtandao wa bondeni, wanasema.

Zamani ningesema tuite polisi. Mwaka huu mji una wenye bunduki wapya, na mtu hajui atakayeitikia ni nani, wala ni rafiki wa nani.

Nimerudi kwenye jedwali langu kana kwamba jibu litakuwa pale, na lilikuwepo, mara mbili, kila upande na lake. Mstari wa kumi na moja: ukikosa, umwambie nani kwanza? Kushoto: kosa lipelekwe kwa msimamizi kabla ya hatua yoyote. Kuume: aliyekosa amwendee kwanza yule aliyemkosea. Nimeuandika mstari huo wiki iliyopita nikifikiri ni tofauti ya maneno tu.

Kisha nimetafuta neno karani. Nimepitia vitabu vyote viwili, kurasa zote, hata orodha ya mwisho. Mwanasaikolojia yupo, mshauri yupo, mwanafunzi wa mazoezi yupo, mkalimani yupo. Anayefungua lango na kushika simu hayumo. Hakuna aliyenikataza lolote na hakuna aliyenifundisha. Kwa dakika moja hilo limenipa nafuu: sikuvunja kanuni ya mtu. Ningeweza kukaa kimya hadi Jumapili. Yule dada angefika Alhamisi, lingetokea la kutokea, na hakuna ambaye angeniuliza habari za simu.

Nimeona aibu mbele ya karatasi.

Papa Constantin anataka kuleta mashemasi sita wa kanisani kwake, vijana wenye vifua, wasimame langoni. “Ule mutu ataona batu, atarudi.”

“Papa, hiyo ni batu sita wapya wenye watajua. Na kila mumoja iko na bibi.”

Amekuna kichwa. “Unasema kama maman Ghislaine.”

“Nimesoma kitabu yake.”

“Na yangu?”

“Yako pia. Yako inasema niende kwake mimi mwenyewe.”

Amesema, “Sikufikiri kama mutu anaweza kuifuata na hofu ya hivyo.”

Jumatano, 22 Oktoba

Yule mtu wa pikipiki amepita mara mbili. Hakusimama.

Tumepanga. Mama wa Mtoto hapiti barabara kubwa. Najua njia yake kwa sababu niliichapa. Namba ya jirani yake iko kwenye simu ya Maman Ghislaine tu. Siwezi kwenda anakolala, nikifuatwa nitakuwa nimemmaliza kabisa. Nitamngoja katikati ya njia. Papa Constantin atabaki langoni na yule mtu.

“Utafanya nini naye, papa?”

“Mutoto, miaka makumi mbili kazi yangu ni kusema na batu. Kama iko kitu moja najua, ni kusema saa mbili bila kusema kitu.”

Tumecheka wote wawili. Kicheko chake kilikatika kabla ya changu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimetoka Bagira saa kumi na mbili asubuhi. Nimeshuka mjini, nikaingia kanisani, nikatoka kwa mlango wa pembeni, nikanunua sabuni nisiyoihitaji, nikarudi nyuma, nikakaa kwa kinyozi hadi zamu yangu ilipofika, nikasema nimebadili mawazo. Hakuna aliyenifuata. Au alikuwepo na sikumwona.

Saa tatu na nusu nilikuwa chini ya ukingo wa paa la fundi cherehani aliyefunga, penye ngazi za udongo. Mvua ilikuwa inanyesha, ile nyembamba isiyoisha. Maji yalishuka kwenye ngazi yakibeba maganda ya ndizi.

Alitokea juu, mtoto mgongoni, mwavuli umevunjika ubavu mmoja. Aliponiona alisimama hapo hapo. Mkono wake ulikwenda nyuma kumgusa mtoto.

“Secrétaire. Uko unafanya nini huku?”

“Maman, usiendelee. Iko mutu anakungoja kwa lango.”

Hakupiga kelele. Aliangalia juu alikotoka, akaangalia chini, kisha akaniangalia mimi.

“Nani alimwambia?”

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu: ile sauti ya upole, neno kaka, siku tano, kitabu kinavyosema. Nilikuwa nimeyapanga kwa mpangilio. Yote yaliondoka.

“Ni mimi.”

“Ulimwambia jina yangu?”

“Jina alikuwa nayo. Nilimwambia siku. Sikujua kama namwambia, lakini nilimwambia.”

Alikaa kwenye ngazi, kwenye maji. Nilidhani ameanguka, nikasogea, akainua kiganja kunizuia.

“Nilikuwa na siku moja,” alisema. “Zile zingine nakaa ndani, nafunga dirisha, namwambia mutoto asiimbe. Siku ya ine njo ilikuwa yangu.”

Nilitaka kusema nisamehe na nikaona kwamba neno hilo lingemwomba anipe kitu kingine tena.

Kisha aliinua kichwa, na macho yake yalikuwa makavu.

“Weye njo unachapa yenye nasema mule ndani?”

“Ndiyo, maman.”

“Yote?”

“Yote.”

“Basi unajua yenye alinifanyia na ile waya. Unajua nilifikiri kumuacha mutoto njiani.” Alikuwa anasema polepole, bila hasira, kama mtu anayehesabu vitu vyake baada ya mafuriko. “Mimi sijue ata jina yako.”

“Akonkwa.”

“Akonkwa wa nani?”

“Wa Maman Cibalonza. Bagira.”

“Bagira wapi?”

Nikamwambia. Nilimwambia mtaa, na mti wa parachichi, na rangi ya mlango. Aliitikia kwa kichwa kila neno, kama anayeandika.

“Bon. Sasa na mimi niko na yako.”

Alisimama, akafungua kitenge, akamshusha mtoto. “Shika mutoto. Kama nikichelewa, umupeleke kwa maman Ghislaine, si kwa mutu mwingine.” Akapanda ngazi kwa haraka hadi akapotea machoni pangu.

Nilibaki na mtoto. Sijawahi kuogopa namna ile, na natumaini sitaogopa tena hivyo. Kila pikipiki niliyoisikia mbali ilikuwa ni ile. Mtoto hakulia. Alishika kifungo cha koti langu, akakizungusha, akaniuliza, “Weye ni tonton nani?” Nilimwambia tonton tu, mjomba asiye na jina. Aliniangalia kama anayejua kwamba hilo si jibu. Baadaye akaanza kuimba, kisha akajiziba mdomo mwenyewe kwa mkono, bila kuambiwa. Nikamwambia, “Imba.” Akatikisa kichwa kukataa.

Dakika arobaini. Alirudi akiwa na mfuko mmoja, kichwa kimefungwa kitambaa kingine, amevaa sweta la kiume. Alimchukua mtoto mikononi mwangu. Hakunisamehe. Wala hakuniambia kwamba hanisamehe. Alisema, “Geuka, uangalie ukuta, uhesabu mpaka mia tatu.”

Niligeuka. Nilihesabu mpaka mia sita.

Ofisini nilimkuta Papa Constantin ameketi kwenye kiti changu, chupa ya soda mbele yake, haijafunguliwa. Yule mtu alikuja saa tatu na dakika hamsini. Papa Constantin alimtolea kiti hadi barabarani, akamweleza habari za mawe kwenye nyongo, ndoa ya binti yake wa pili, na kwa nini viazi vya mwaka huu vina maji. Saa sita kasoro kidogo mtu yule alisimama. “Muzee, unasema sana,” alimwambia. Kisha akawasha pikipiki. “Unisalimie ule mutoto wa simu.”

Jumatatu, 27 Oktoba

Maman Ghislaine amerudi. Nimemwambia yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza kama anavyowasikiliza wateja, bila kunisaidia.

“Ulimwambia yeye mbele ya kuniambia mimi.”

“Ndiyo, maman.”

“Ulitumia njia uliyoisoma kwenye faili. Ukakutana na mteja nje ya nyumba.”

“Ndiyo.”

“Na ulikuwa umepokea simu nne bila kuniarifu. Kwa kanuni yangu hayo ni makosa matatu.”

“Ndiyo, maman.”

Alikwenda dirishani. Mvua ilikuwa inapiga kioo.

“Uliniuliza ile siku, nikakujibu maneno matatu nikiwa natembea,” alisema. “Kukueleza kungechukua dakika mbili.” Aligeuka. “La nne ni langu. Nitaandika barua kwa kamati ya maadili. Jina lako litakuwamo, na langu. Sijui watasema nini juu ya mkataba wako.”

Papa Constantin, aliyekuwa mlangoni akijifanya anatafuta mwavuli, alisema, “Muandike na yangu. Nilisema uongo saa mbili mbele ya Mungu, juu ya viazi.”

Maman Ghislaine alicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia. Kisha akaniuliza swali moja, polepole: “Alielekea wapi?”

“Sijui, maman.”

“Vizuri,” alisema, na nikaona mabega yake yakishuka.

Alhamisi, 13 Novemba

Jedwali limekwisha. Tumeongeza mstari unaomhusu anayefungua lango na anayeshika simu. Nimeuandika mimi, wakausahihisha wote wawili, wakagombana juu ya kila neno. Kamati haijajibu.

Yule mtu haonekani tena barabarani. Hilo halinipi usingizi. Huenda amechoka, huenda amepata anachotafuta. Juzi pikipiki ilipunguza mwendo mbele ya nyumba yetu Bagira, mama akatoka kuangalia, nikamvuta ndani kwa nguvu hadi nikamwumiza mkono. Aliniuliza kuna nini. Nilimwambia ni utelezi.

Saa nne ya leo nilijikuta nimesimama karibu na lango. Kiti kilikuwa tupu, sakafu kavu. Sijui kama alifika. Sijui alifika wapi. Kuna saa natamani mtu aje aninong'oneze tu, yuko salama, mtoto anaimba. Lakini habari hiyo ikinifikia mimi, itakuwa imepita kwenye midomo kadhaa, na mdomo wowote unaweza kuulizwa kwa sauti ya upole. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kufungua lango, naomba jambo moja ambalo sijawahi kumwomba Mungu juu ya mtu yeyote: nisisikie habari zake kamwe.